Kiwanja Nilichomwahidi Mungu

Jumamosi, 1 Juni

Nimerudi kutoka mtaa wa Cibitoke kwa miguu. Petroli hakuna tena, mabasi yamelala. Vumbi mpaka kwenye meno. Nimepita karakana zote nne kama kila mwanzo wa mwezi: wachomeleaji wawili, mama wa mashine ya kusaga mihogo, na seremala. Wote wamelipa kodi isipokuwa seremala, ambaye ulimi wake ni laini kuliko mbao zake. Ukuta umepakwa rangi upya. Lango la bluu. Kila nikifungua lango lile najisikia mtu mbele ya watu.

Mwezi ujao Deo anatimiza mwaka kaburini. Shemeji Salvator ameshapanga kila kitu cha kuganduka, siku ya kumaliza kilio: hema, viti, soda, nani aseme kwanza na nani aseme mwisho. Mimi mjane nimeachiwa kuchagua nguo tu. Nimechagua imvutano nyeupe, vazi letu la kitambaa cha kufunga begani. Akitaka nyeusi avae yeye.

Kesho ni ibada ya kuchangia ujenzi wa hekalu. Mchungaji Eliya amesema kila mmoja aje na kitu kinachomuuma kukitoa. Nimekaa barazani nikijiuliza ni kipi kinaniuma. Nimekijua mapema kuliko nilivyotaka.

Jumapili, 2 Juni

Nimefanya. Nimesimama mbele ya kanisa zima nikasema kiwanja cha Cibitoke ni cha Bwana. Hekalu lijengwe pale.

Vigelegele. Mama za kwaya wamenizunguka wakacheza. Mchungaji Eliya amelia machozi ya kweli, si ya mikrofoni. Na mimi nimelia. Miaka yote nasikia mahubiri ya yule kijana tajiri aliyeambiwa auze vyote akaondoka na huzuni yake. Nilijiambia, mimi sitaondoka na huzuni. Mimi si kijana na simwogopi mtu.

Nitakula nini? Mungu anajua. Nyumba hii ya Mutanga Nord ninayo. Mikono ninayo.

Daftari hili halisomwi na mtu, basi niandike na hili: nimependa walivyoniangalia. Nimependa sana.

Jumatatu, 3 Juni

Salvator amefika kabla sijanywa chai. Habari imemfikia kabla jua halijachomoza. Kanisa letu lina midomo.

Amesema kiwanja ni cha ukoo. Amesema: "We Konso, Deo hakuacha mutoto. Utatoaje kitu ya famille?" Amenikumbusha kwamba sina mtoto, kana kwamba nilikuwa nimesahau na yeye amepita kunisaidia. Nimemwambia akagombane na Mungu, mimi nimeshatoa. Ameondoka kikombe kikiwa kimejaa. Nimekinywa mimi, na sukari yake ya vijiko vitatu.

Nimefurahi. Mtu wa kunikatalia nilikuwa namtafuta.

Jumatano, 5 Juni

Mwanamke amekuja mlangoni. Miaka thelathini na kidogo, kandambili, mfuko mmoja. Kiswahili chake cha Tanzania, kimenyooka kama shati lililopigwa pasi.

Amesema: "Shikamoo mama. Mimi ni Ivona, mtoto wa Rejina. Wa Cibitoke." Akasema: "Mama alisema nyumba yetu unailinda wewe."

Nimemwambia amekosea mlango. Nimemwambia kiwanja kile tulikinunua na karatasi zipo. Akaniuliza, bila kupandisha sauti, tulinunua kwa nani. Nimefunga mlango.

Kila siku watu wanavuka mpaka wakirudi, na kila mmoja alikuwa na nyumba. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mpangaji! Na mimi je? Vita vilichukua kaka zangu wawili. Sijaona mtu akija mlangoni kwangu kuwarudisha. Waliokimbia walikimbia. Sisi tulibaki tukalala chini ya vitanda wakati risasi zinapita. Kubaki nako kuna bei yake.

Alhamisi, 6 Juni

Tulikinunua. Karatasi ninazo. Nimezitoa kabatini, nimeziangalia, nimezirudisha.

Ijumaa, 7 Juni

Nimemweleza Mchungaji Eliya. Hakushangaa. Amesema mtu akiweka nadhiri kubwa, adui hainuki kesho, anainuka leo. Amenishauri tuharakishe kuhamisha hati kwa jina la kanisa, na siku ya kuganduka ukoo utangaze mbele ya watu wote. Halafu nifunge siku tatu.

Nimependa ushauri. Umenifanya niwe upande wa Mungu na yule mwanamke awe upande ule mwingine. Nimemwambia Mchungaji hati nitamletea baada ya mfungo.

Jumapili, 9 Juni

Siku ya pili ya mfungo. Ulimi mkavu. Baada ya ibada watoto wa shule ya Jumapili wamebeba mawe kutoka mtoni mpaka Cibitoke, jiwe moja moja kichwani, wakiimba. Kila mtoto aliweka jiwe lake karibu na lango la bluu akapigiwa makofi. Kuna kikongwe mmoja ameuza mbuzi wake ili anunue saruji. Amenishika mikono yote miwili akanishukuru mimi.

Kwenye nyimbo nimefungua mdomo. Sauti haikutoka. Nimesema ni njaa.

Jumanne, 11 Juni

Mfungo umeisha jana na sijala. Naandika sasa, maana nikingoja nitajidanganya tena.

Rejina alikuwa jirani yetu Cibitoke. Mimi nilikuwa bibi harusi wa miezi minne, sijui kupika maharage yasiungue, na yeye ndiye aliyenifundisha. Asubuhi ile walipokuwa wanakimbia vita alikuja mbio na mtoto mgongoni. Hakumtafuta Deo. Alinitafuta mimi. Aliniwekea funguo kiganjani akasema: "Konso, unichungie nyumba. Tunarudi juma ijayo."

Nilichunga. Mwaka mzima nilifagia ua ule. Niliwasha taa jioni ili waporaji wafikiri kuna watu. Mwaka wa pili Deo aliweka mchomeleaji mmoja uani, kwa muda tu. Mwaka wa tatu tulivunja nyumba, tukajenga karakana. Ule mwaka wa nne ndio wa karatasi. Ofisi ilikubali kutuuzia kiwanja, ila ilitaka mashahidi wawili wa kuthibitisha kwamba wenyewe walikufa wote.

Mmoja alikuwa rafiki wa Deo. Wa pili ni mimi.

Niliandika jina langu chini ya maneno yaliyosema Rejina amekufa. Sikuwa na habari yoyote ya kifo chake. Deo hakunilazimisha. Aliniuliza, "Unaweza?" nikasema naweza. Jioni hiyo tulikula kuku.

Baadaye nilianza kutoa zaka, wala sikuwahi kukosa mwezi. Paa likawa halivuji, wapangaji wakawa wanalipa, maradhi yakawa yanapita mlango wa jirani. Nikasema mbele ya kanisa mara nyingi kwamba Mungu ni mwaminifu kwa wanaotoa. Mama wengi wamenisikia wakaiga.

Na sasa nimemtolea Mungu kitu cha Rejina, nikapigiwa vigelegele. Naona aibu.

Jumatano, 12 Juni

Seremala alikuwa na namba ya simu ya Ivona. Kumbe Ivona alipita pale uani kwanza kabla ya kuja kwangu, akasimama getini akitazama, seremala akampa benchi akae. Seremala yule asiyelipa.

Tumekutana hapo hapo uani, mashine ya mihogo ikinguruma. Nimemwambia ni kweli. Nimemwambia funguo nilipewa mimi na karatasi nilisaini mimi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, au kwa kukumbatiwa. Nilijiandaa zaidi kwa kukumbatiwa. Hakufanya lolote. Aliuliza chumba cha kulala cha mama yake kilikuwa upande gani. Nikamwonyesha. Sasa ni karakana ya mchomeleaji.

Nimemwomba asubiri hadi kuganduka. Kwetu siku ile msemaji wa ukoo huuliza mbele ya watu kama kuna mtu marehemu alimchukulia kitu chake. Watu hunyamaza, na wakishanyamaza, jambo limefungwa. Ndani ya ukoo hakuna atakayelifungua tena; lakini deni likisemwa pale, ukoo lazima ulilipe. Nataka liwekwe wazi pale, kwa njia hiyo, si chini chini ofisini kama lilivyofichwa.

Ivona amesema: "Mama alisubiri mpaka akafa. Mimi nitasubiri hiyo siku moja."

Rejina amekufa kweli, basi. Kambini kwa wakimbizi, Tanzania, miaka sita iliyopita.

Ijumaa, 14 Juni

Ofisini kwa Mchungaji Eliya. Nimemweleza yote, na saini pia. Amefunika uso kwa mikono. Nilidhani analia kwa ajili ya Rejina.

Amesema: "Mama Konso, ulisimama mbele ya Mungu. Apana mbele yangu. Kitu ya Bwana haitoki mu mikono yake." Amesema dhambi ya zamani imefunikwa na sadaka yenyewe. Kanisa litamsaidia huyo binti, litamwombea, litamtafutia chumba. Lakini nadhiri ni nadhiri.

Nimemkumbusha mfalme yule wa Biblia aliyekatazwa nyara akabakiza mifugo minono ya watu aliowashinda, na alipoulizwa sauti hizi za kondoo ni za nini, akasema ni za kumtolea Mungu. Ufalme ulimtoka siku hiyo. Mchungaji mwenyewe ametuhubiria habari hiyo mwaka jana, nilikaa safu ya mbele. Nimesema: "Mchungaji, kondoo wa Rejina wanalia. Mi nawasikia."

Amesema mimi nalichezea Neno.

Ningependa awe mwizi. Ingekuwa rahisi. Lakini viatu vyake vimetoboka, mshahara wake nusu anawapa wagonjwa, na anaamini kila anachosema. Ameota hekalu hilo miaka kumi. Nimetoka pale nimekasirika na nimemhurumia.

Jumapili, 16 Juni

Nimetolewa kwenye orodha ya mama wanaoandaa meza ya Bwana. Nimeambiwa mlangoni, kwa kunong'onezwa, na mtu aliyekula kwangu Krismasi.

Mchana wamekuja mama sita kuniombea. Wamenizunguka, wamenishika kichwa, wamemwamuru pepo wa kurudi nyuma atoke. Nimewaacha wamalize. Halafu nimewaambia pepo alikuwa humu ndani tangu siku ya saini, sasa ndiyo anatoka, wamwachie njia. Wawili wamecheka kabla hawajajizuia. Wengine wamechukua mikoba yao.

Chapati zote zimebaki. Nimekula nne.

Alhamisi, 20 Juni

Salvator tena. Safari hii amekaa, amekunywa chai yote, na hakupiga kelele. Ndipo nilipoogopa.

Amesema: "We Konso, unajua iyi nyumba iko mu jina ya nani?"

Nilijua. Nilikuwa nimesahau kwa makusudi. Wakati wa vita Deo alihofia atanyang'anywa, akaandikisha nyumba ya Mutanga Nord kwa jina la mdogo wake, Salvator. Kwa muda tu, alisema. Mpaka hali itulie. Hali ilitulia na hakuna aliyebadilisha, kwa sababu ni ndugu.

Amenipa la kuchagua. Siku ya kuganduka ninyamaze. Atatangaza kwamba nusu ya kiwanja ni ya kanisa na nusu ya ukoo. Ameshaongea na Mchungaji, na Mchungaji amekubali nusu. Nikinyamaza nitakaa katika nyumba hii mpaka nife. Nikifungua mdomo nifungashe. "Mi nakupatia chance, muke wa kaka. Apana kuikanyaga."

Alipotoka nimecheka peke yangu mpaka mbavu zikauma. Deo alimpa mtu nyumba amchungie.

Halafu kicheko kikaisha. Nina miaka hamsini na minne. Nina goti bovu. Naogopa kuwa maskini. Naiandika hivyo hivyo ilivyo. Nimekuwa maskini zamani na sikupenda.

Jumapili, 23 Juni

Sikwenda ibada. Mchana kutwa nimekaa nikijitetea mbele ya Mungu.

Nusu ya kanisa. Watoto na mawe yao. Kikongwe na mbuzi wake. Ivona kijana bado, ana nguvu. Mimi mjane, na Mungu anapenda wajane, imeandikwa. Na ningetubu moyoni, kimya kimya, kila siku ya maisha yangu, ndani ya nyumba yenye paa zuri.

Nimemwambia: chukua zaka, chukua fungu la kumi mara mbili, chukua sauti yangu niimbe mpaka kifo. Nimemtajia vitu vyote isipokuwa kile kimoja. Nimejisikia nikifanya hivyo. Nimejua hasa yule kijana tajiri alikuwa na uso gani alipokuwa akiondoka.

Jumapili, 30 Juni

Umpende Bwana kwa moyo wote, ndivyo ilivyoandikwa. Nimetafuta kama mahali fulani imeandikwa nusu.

Hapana. Nitasema. Salvator aweke makufuli anayotaka, kanisa lifute jina langu kwenye vitabu vyote. Nimewaogopa watu maisha yangu yote nikiita woga huo heshima. Nimeanza kufunga vyombo vyangu. Sufuria ni zangu, zile hazikuandikwa kwa jina la mtu.

Jumamosi, 6 Julai

Kuganduka. Naandika nikiwa nimechoka, lakini kila kitu nakiona.

Hema mbili. Viti vyeupe kwa ukoo, vya bluu kwa wageni. Watu walikuja mpaka na magari kutoka mtaa wa Kiriri, wakubwa aliofanya nao kazi Deo, sijui petroli waliitoa wapi. Mimi mbele, peke yangu kwenye kochi, na imvutano yangu nyeupe. Mjane siku ile haongei. Anaangaliwa tu.

Ivona nilimwalika mwenyewe. Alikaa kiti cha mwisho kabisa, na kandambili zake, na mfuko magotini.

Salvator ndiye aliyekuwa msemaji. Alimsifu kaka yake vizuri, sitamnyima haki hiyo. Kisha akauliza lile swali. "Kama kuna mutu Deo alimukamatia kitu, aseme leo. Kesho tumefunga." Alisema haraka, kama mtu anayevuka barabara, na alikuwa tayari anageuza karatasi ya tangazo la kiwanja.

Nilisimama. Goti lililia. Salvator aliikumbatia mikrofoni kifuani. Sikuihitaji, nimeimba kwaya miaka ishirini.

Nilisema: "Mi niko na kitu ya mutu. Apana Deo peke yake. Mi."

Nikasema kiwanja cha Cibitoke ni cha Rejina, aliyenipa funguo mkononi. Nikasema nilisaini kwamba amekufa na alikuwa hai. Nikasema nimesimama kanisani nikamtolea Mungu kitu cha wizi na nikapigiwa makofi, na namwomba Mungu radhi kwa hilo kuliko yote. "Mutoto wake iko pale nyuma. Anaitwa Ivona. Kiwanja ni yake, na karakana zote zenye ziko ndani. Sitaki alipe ata tofali moja."

Shangazi wa Deo alivuta nguo yangu nikae. Nikaendelea kusimama. Salvator alisema kwenye mikrofoni kwamba shemeji yake amechanganyikiwa na kilio. Nikamwambia kilio kimeisha leo, yeye mwenyewe amekifunga. Mtu fulani alicheka. Wale wa Kiriri waliangalia viatu vyao.

Mchungaji Eliya ndiye aliyepaswa kufunga kwa sala. Nilingoja anilaani. Alisimama muda mrefu mno, mpaka watoto wakaanza kuchezea viti. Kisha aliomba sala fupi kuliko zote nilizowahi kumsikia. Alimwombea Deo. Aliwaombea wenye haki yao. Hakutaja hekalu. Sijui alikuwa na maana gani na sikumwuliza.

Soda zilinywewa upesi. Hakuna aliyeniaga.

Jumatatu, 8 Julai

Mbele ya mkuu wa kata nimempa Ivona hati zote na funguo za lango. Amezikagua moja moja. Amesaini, ameziweka mfukoni, ameondoka. Hata asante. Hata kunitazama.

Nimekasirika. Nimekaa kwenye ngazi za ofisi nikiwa nimekasirika kweli kweli. Nilitaka nini? Vigelegele vingine? Ndiyo. Nilitaka vigelegele vingine.

Nilipopita Cibitoke nimemkuta Mchungaji Eliya anasukuma toroli. Anahamisha mawe ya watoto, peke yake, jasho shingoni. Hatukusalimiana kwa mdomo. Nimeweka mkoba chini, nikamsaidia kupakia toroli tatu. Goti limevimba.

Alhamisi, 11 Julai

Salvator amebadilisha kufuli la Mutanga Nord nikiwa ndani bado natoa magodoro. Sikumwomba kitu. Nimemwambia tu kwamba siku moja naye watamuulizia kiwanja na nyumba, na asingoje awe na goti bovu.

Nimepanga chumba kimoja Cibitoke, njia ya nyuma. Sakafu ya saruji, dirisha moja. Nitakaanga mandazi asubuhi. Seremala amenitengenezea meza na amekataa malipo. Simwelewi mtu yule.

Nina hofu na nina hasira na sijuti.

Jumapili, 21 Julai

Nimekwenda ibada, nimekaa nyuma. Wameniacha nikae. Imetosha.

Alasiri Ivona amebisha hodi. Alitaka kujua bomba la maji linapita wapi pale uani, fundi amechimba mara mbili na hajaliona. Nilikuwa na kiti kimoja, nikampa, nikakaa kitandani. Nikampa chai na mandazi yaliyobaki.

Alikula moja. Halafu akasema kuna jambo alikuwa hataki kuniambia, kwa sababu alikuwa na hasira na aliona sistahili kulijua.

Kule kambini mama yake aliwaombea kila jioni kabla ya kula. Aliwataja watoto kwa majina, mmoja mmoja. Akimaliza watoto alinitaja mimi. Ivona aliisema sala yenyewe bila sauti yoyote ya sala, kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Na Konso wetu, Bwana, umpe afya, umpe chakula, paa lake lisivuje, maana anatuchungia nyumba. Kila jioni. Hata baada ya wengine kumwambia nyumba ilishavunjwa. Hata jioni ya mwisho.

Sikuweza kumwangalia. Nimemwambia kwamba mimi miaka yote hiyo nilifikiri ni zaka zangu.

Ivona alimalizia chai yake, akasuuza kikombe, akakigeuza juu ya meza. Kisha tumekwenda wote wawili mpaka uani, taratibu kwa sababu ya goti, nikamwonyesha. Bomba linapita chini ya benchi la seremala.